Chumba cha Mzee Hakikaguliwi Mlangoni



Juma hili ukurasa wetu unajibu barua moja tu, kwa kuwa jambo lililomo humo si la nyumba moja. Aliyeiandika ni dada yetu, mke wa koplo aliye kazini mbali na nyumbani. Anatueleza ya kwamba mama mkwe wake, mwenye umri wa miaka 83, alianguka mwaka jana akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hawezi kuinuka kitandani pasipo mtu wa kumshika. Dada yetu hushinda kazini, watoto hushinda shuleni, na mume harudi ila kwa likizo. Basi jamaa walikaa wakashauriana, na kwa shingo upande wakakubali mzee apelekwe katika nyumba ya kutunzia wazee.

Jumapili moja, saa nane za mchana, dada yetu alikwenda kumzuru. Alimkuta amelala katika chumba chenye paa la mabati lisilo na dari. Dirisha limefungwa, blanketi limevutwa hadi kifuani. Akamwuliza, "Mama, huoni joto?" Mzee akamjibu, "Sina neno, mwanangu." Lakini midomo yake ilikuwa imekauka, na kikombe cha maji kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, juu ya meza ambayo mkono wake haukuweza kuifikia. Dada yetu alifungua dirisha, akamnywesha maji, kisha akarudi nyumbani na moyo mzito. Sasa anatuuliza mambo matatu: atazame nini aingiapo katika chumba kile, aseme nini na watunzaji asionekane mshitaki, na amjibu nini mumewe ambaye kila apigapo simu huanza kwa kuuliza, "Mama hajambo?"

Kwanza twamwomba asijilaumu. Nchini Uganda nyumba za namna hii si nyingi, na wengi wetu tungali tunaona haya kuzitaja, kana kwamba kumpeleka mzee huko ni kumtupa. Walakini ziko zinazofanya kazi ya heshima. Iliyo mashuhuri ni ile ya Nalukolongo, Kampala, iliyoanzishwa na marehemu Kardinali Emmanuel Nsubuga, ambayo Papa Fransisko aliizuru mwezi wa Novemba 2015. Nyumba anayoandika habari zake dada yetu ni nyingine, wala hatutaitaja, kwa kuwa nia yetu si kumwumbua mtu. Twataka kueleza kwa nini neno lile "sina neno" halitoshi.

Mwili wa mzee hauchelei mapema

Mwili wa kijana una walinzi wake. Joto likizidi, jasho hutoka na kiu huja. Baridi ikizidi, mwili hutetemeka. Katika uzee walinzi hao huchoka. Jasho hupungua, kiu huchelewa kuja au haiji kabisa, na ngozi haitambui upesi mabadiliko ya hewa. Isitoshe, wazee wengi hunywa dawa za shinikizo la damu, na baadhi ya dawa hizo huongeza mkojo, hivyo huuondolea mwili maji. Kwa hiyo mzee aweza kusema kwa kweli yake yote kwamba haoni joto, huku mwili wake unakauka.

Liko na jambo la pili, nalo ni la moyo. Mama zetu wa umri ule walilelewa kutolalamika. Mzee anayelishwa na kuogeshwa na watu baki huogopa kuonekana msumbufu, na mkwewe akimwuliza habari, hujibu jibu la heshima. Hapana budi, basi, aliye na nguvu ahisi kwa niaba ya asiye nazo.

Mambo yaliyotokea kwingine

Mtu asidhani kwamba twazungumza juu ya jambo dogo la kufungua na kufunga dirisha. Mwezi wa Agosti 2003, Ufaransa ilipatwa na joto ambalo haikulizoea. Mjini Paris lilikaribia nyuzi 40 za Sentigredi, na kulikuwa na usiku ambao halikushuka chini ya nyuzi 25, hata kuta za majumba hazikupata nafasi ya kupoa. Agosti ni mwezi ambao Wafaransa wengi huenda likizo. Watoto wa wazee walikuwa pwani, na wauguzi wengi pia walikuwa mapumzikoni. Katika siku 20 za kwanza za mwezi huo walikufa watu karibu 15,000 zaidi ya wale ambao wangalikufa katika siku za kawaida. Wengi wao walikuwa na miaka 75 na zaidi. Walifia hospitalini, walifia katika vyumba vyao vya ghorofani peke yao, na walifia katika nyumba za wazee. Vyumba vya maiti vilijaa, hata ikabidi maiti zihifadhiwe katika ghala la baridi huko Rungis, penye soko kuu la vyakula la Paris. Tarehe 3 Septemba 2003, maiti 57 ambazo hazikudaiwa na jamaa yeyote zilizikwa katika makaburi ya Thiais, na Rais Jacques Chirac mwenyewe alihudhuria.

Nchi ile iliona uchungu na aibu. Tangu mwaka 2004 ina mpango wa kila mwaka wa kukabili joto. Kila nyumba ya kutunzia wazee hutakiwa kuwa na angalau chumba kimoja kikubwa ambacho joto lake halipiti nyuzi 25 au 26, na wazee wote huingizwa humo kwa zamu wakati wa hatari. Mameya huweka orodha ya wazee wanaoishi peke yao ili watembelewe. Na kwa sheria ya mwaka huo huo, wafanyakazi hutoa siku moja ya kazi kila mwaka pasipo malipo, ili fedha zake ziwasaidie wazee na wasiojiweza.

Kisa cha pili ni cha Marekani, nchi yenye mashine za kila namna. Tarehe 10 Septemba 2017 kimbunga Irma kilipiga jimbo la Florida. Katika nyumba moja ya wazee katika mji uitwao Hollywood, umeme ulioendesha mitambo ya kupoza hewa ulikatika. Taa ziliendelea kuwaka, chakula kiliendelea kupikwa, na mtu aliyepita nje asingeliona dalili ya msiba. Ndani, joto lilipanda siku hata siku. Hospitali yenye hewa baridi ilikuwa ng'ambo ya barabara, umbali wa kutembea kwa miguu. Wazee hawakuhamishwa mpaka alfajiri ya tarehe 13, walipokwisha kuanza kufa. Baadhi yao walipopimwa, joto la miili yao lilikuwa limepita nyuzi 41. Watu 12 walihesabiwa kuwa wameuawa na joto lile. Mwaka uliofuata Florida ilithibitisha sheria ya kwamba kila nyumba ya wazee iwe na mtambo wake wa umeme na mafuta ya kutosha, ili joto lisipite nyuzi 27 kwa muda wa saa 96.

Twavileta visa hivi viwili kwa sababu moja. Paris haikukosa madaktari, wala Florida haikukosa mashine. Kilichokosekana ni mtu wa kuingia chumbani, kukaa, kuhisi, na kuamua kwa wakati. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninyi askari mwajua vema ukaguzi wa bweni: ofisa husimama mlangoni, akaona vitanda vimetandikwa na viatu vimeng'arishwa, akapita. Ukaguzi huo wafaa kwa bweni la vijana. Chumba cha mzee hukaguliwa kwa kukaliwa.

Kaa saa moja, wakati mbaya kuliko wote

Dada yetu afanye hivi. Asizuru saa nne ya asubuhi, wakati chumba kimetoka kufagiliwa na hewa ni tamu. Aende saa nane au saa tisa alasiri, avute kiti karibu na kitanda cha mama, akae saa nzima. Akiweza, aweke kichwa chake mahali kilipo kichwa cha mama. Kutoka hapo ataona mambo ambayo mtu aliyesimama haoni: kwamba jua la alasiri humpiga mzee usoni, kwamba bati li karibu na linatoa joto kama jiko, au kwamba upepo wa mlangoni hupita juu ya miguu yake.

Ukutani na watundike kipimajoto. Ni chombo cha bei ndogo, nacho hakina haya wala heshima. Husema kama kilivyo. Marekani nyumba za wazee zilizosajiliwa baada ya tarehe 1 Oktoba 1990 huagizwa na serikali kushika joto la kati ya nyuzi 22 na 27. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilishauri kwamba katika nchi zenye baridi chumba kisishuke chini ya nyuzi 18, na kwa wazee joto la juu kidogo kuliko hilo lafaa zaidi. Sisi tusio na mashine hatutafikia kila hesabu hiyo, lakini kujua kwamba chumba kimefika nyuzi 32 ni mwanzo wa kutenda.

Kwetu joto la hatari huja zaidi kaskazini, katika miezi ya kiangazi ya Desemba hadi Machi, ambapo huweza kupita nyuzi 35. Lakini paa la mabati hulileta mahali popote. Wenzetu polisi waliopata kukaa katika vile vibanda vya duara vya bati, vilivyopewa jina la "mama ingia pole", hawahitaji kufundishwa: mchana ni tanuri, na alfajiri ni baridi kama kisima. Dari ya mbao au hata ya mikeka hupunguza joto la bati. Rangi nyeupe juu ya paa hurudisha sehemu ya jua. Mti wa kivuli upande wa magharibi huukinga ukuta unaochomwa alasiri. Kitanda kisikae karibu na ukuta huo. Madirisha ya pande mbili yakifunguliwa jioni na usiku, hewa ya ndani hubadilika. Na mchana wa jua kali, pazia la upande wa jua lishushwe. Feni husaidia, ila hewa ya chumbani ikizidi nyuzi 40, humpulizia mzee hewa ya moto tu.

Maji yasingoje kiu. Mzee apewe kidogo kidogo kwa saa zinazojulikana, kama askari wapokeanavyo zamu, isipokuwa pale daktari alipoagiza maji yapimwe kwa ajili ya moyo au figo. Na kikombe kiwe mahali mkono wake unapofika. Kikombe kilichojaa jioni si dalili ya mzee asiyeona kiu. Mara nyingi ni dalili ya meza iliyowekwa mbali.

Dalili za hatari ni hizi: ngozi ya moto, usingizi usio wa kawaida, mkojo mchache wenye rangi nzito, maneno yasiyoungana, au kutowatambua watu. Mzee akionyesha hayo wakati wa joto, tusiseme ni uzee tu. Atolewe nguo nzito, apelekwe penye kivuli na upepo, afutwe kwa vitambaa vyenye maji na kupepewa, apewe maji ikiwa ana fahamu za kumeza, na daktari aitwe papo hapo.

Baridi na moshi

Katika vilima vya Kabale na kandokando ya milima mingine, adui wa mzee ni baridi ya usiku. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yamo hatarini, na mzee aweza kufika huko polepole pasipo kutetemeka. Tusiguse mikono yake tu. Tutie kiganja juu ya tumbo au mgongo chini ya nguo. Pakiwa baridi, afunikwe. Kofia ya sufi, soksi na mablanketi mawili mepesi ni bora kuliko blanketi moja zito linalomlemea.

Hapa lipo onyo ambalo twaomba lisomwe kwa sauti katika kila nyumba. Sigiri yenye makaa isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, iwe kwa mzee au kwa mtoto. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala hawezi kuisikia. Huzidi kulala mpaka asiamke. Chumba kikihitaji moto, na kipashwe mlango ukiwa wazi, kisha sigiri itolewe nje kabla mtu hajalala.

Vivyo hivyo maji ya kuoga. Ngozi ya mzee ni nyembamba, nayo huungua kabla yeye hajasema. Katika nyumba za wazee za Uingereza maji ya kuogea hutakiwa yasipite nyuzi 44. Asiye na kipimo atie kiwiko cha mkono wake majini kwanza, na daima maji baridi yatangulie ndani ya beseni, ya moto yafuate.

Hewa safi, sakafu na taa

Wasomaji wetu wauguzi watamkumbuka Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Uingereza huko Scutari katika vita vya Krimea vya miaka ya 1853 hadi 1856. Askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi, na vifo vilipungua sana mwaka 1855 baada ya mifereji ya uchafu kusafishwa na hewa kupitishwa hospitalini. Katika kitabu chake cha uuguzi aliweka mbele ya yote sharti la hewa: iliyo ndani iwe safi sawa na ya nje, bila mgonjwa kutiwa baridi. Dirisha la mzee hufungwa mara nyingi kwa hofu ya mbu, na hofu hiyo ni ya haki. Basi dirisha litiwe wavu na kitanda kitiwe chandalua, lisiwe sababu ya kumnyima pumzi.

Sakafu iwe kavu, pasipo mkeka unaojikunja wala waya wa umeme unaopita njiani. Mzee aliyekwisha vunjika nyonga mara moja asipewe nafasi ya pili. Usiku pawe na taa ndogo inayoonyesha njia ya chooni, au chombo cha haja karibu naye. Na pawe na kengele, au hata kopo na kijiti, ili aweze kuita. Chumba kisicho na namna ya kuita, hata kikiwa kizuri, ni mahabusu.

Namna ya kusema na watunzaji

Dada yetu asiingie kwa hasira. Mara nyingi mtunzaji mmoja ana wazee kumi na zaidi, na yeye pia anakaa chini ya bati lile lile. Aanze kwa shukrani, tena ya kweli, kwa kuwa watu hao hufanya kazi ambayo sisi wenye damu moja na mzee tumeshindwa kuifanya. Kisha aombe ruhusa alete kipimajoto, pazia na meza ndogo ya kuwekwa kando ya kitanda. Mgeni aletaye kitu husikilizwa kuliko aletaye lawama. Baada ya hapo aulize kwa upole: Ni nani anayemnywesha mama maji, na saa ngapi? Umeme ukikatika au joto likizidi, wazee huhamishiwa wapi? Usiku mama akiita, ni nani anayemsikia? Nyumba njema haitachukizwa na maswali hayo. Na iwapo hayana majibu, afadhali yajulikane leo kuliko siku ya msiba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jamaa wa wazee wengine wa nyumba hiyo wangeweza pia kuchangishana fedha za dari, kwani jua halichagui mama wa nani.

Limebaki swali la mume. Dada yetu asimwambie, "Mama hajambo, amesema hana neno." Huko ni kumpelekea mtoto salamu za adabu za mama yake, wala si habari zake. Amwambie hivi: "Nilikaa na mama saa nzima, saa nane mchana. Chumba kilikuwa na nyuzi kadha wa kadha. Alikunywa vikombe viwili mbele yangu. Kitanda tumekisogeza mbali na ukuta wa jua, na kengele iko mkononi mwake." Askari aliye mbali ajua thamani ya taarifa ya namna hiyo. Itamwezesha kulala.

Nanyi nyote mlio na mzee, awe katika nyumba ya watunzaji au katika chumba cha nyuma cha nyumba zenu wenyewe, leo alasiri vuteni kiti, mkae naye. Msimwulize kama anaona joto. Kaeni mpaka mjue.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya vyakula laini vya wazee wasio na meno. Kwaherini.